Mara Kumi za Mkojo Mwekundu: Kisa cha Moyo Uliodhoofishwa na Dawa

Aliletwa wodini saa tano asubuhi kwenye kiti cha magurudumu, akakataa katakata kulazwa. Kila muuguzi aliyejaribu kumshusha mgongo hadi kwenye mto wa kitanda alishikwa mkono kwa nguvu. "Nikilala maji yananipanda," alisema, akanyamaza kuvuta pumzi, kisha akamalizia: "yananipanda mpaka hapa," akigusa koo.

Wodi yetu iko Kampala, na hapa utasikia Kiluganda kuliko lugha nyingine yoyote. Mgonjwa akihitaji kitu huita "musawo!" na kila mwenye koti jeupe hugeuka. Mama huyu alitoka Arua na lugha zake zilikuwa Kilugbara na Kiswahili. Basi wauguzi wakanitafuta mimi, kwa kuwa nimelelewa Bombo, mtoto wa askari, na Kiswahili ndicho tulichoongea nyumbani. Nitamwita Mama Zaina. Jina hilo si lake, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Yeye na binti yake wameniruhusu nisimulie, ila binti alinisihi jambo moja: hesabu ya dawa nisiibadilishe.

Alikuwa na miaka 51, mwuza samaki wakavu. Usiku uliotangulia alikuwa kwenye basi, amekaa wima njia nzima, na lilipopumzika Karuma alishuka akaegemea ubavu wa basi akihema huku abiria wengine wakinyoosha miguu. Alipofika kwetu moyo ulipiga mara 118 kwa dakika, presha ilikuwa 96 kwa 64, na oksijeni ya damu asilimia 89. Mishipa ya shingo ilituna ingawa alikaa wima. Nilibonyeza muundi wake kwa kidole gumba nikahesabu mpaka tano. Nilipoondoa kidole shimo lilibaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa. Mapafu yalichakarika kama majani makavu yanayokanyagwa, kuanzia chini mpaka katikati ya mgongo. Mizani ilisoma kilo 71. Daftari lake lilionyesha kilo 58 miezi minne kabla. Kilo 13 zote hizo zilikuwa maji.

Kwamba moyo umeshindwa kazi lilikuwa jambo la wazi. Sehemu mbili alizopitia kabla yetu zilimtibu nimonia, halafu pumu, nami siwezi kuwanyooshea kidole, kwa sababu hata mimi nilikosea siku ile ya kwanza. Uganda moyo hushindwa kwa njia nyingi. Kuna valvu zilizoliwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, kuna presha iliyoachwa bila dawa, kuna moyo unaolegea mwanamke akiwa amejifungua karibuni, kuna kifua kikuu kinachoingia kwenye mfuko wa moyo. Kuna hata ule ugonjwa wa utando wa ndani ya moyo kugeuka kovu gumu, ambao Dkt. J. N. P. Davies aliueleza hapa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, mwaka 1948. Mimi nilifungua daftari la mama, nikaona presha ya 168 kwa 100 imeandikwa mara mbili, nikaandika "moyo wa presha", nikaendelea na mgonjwa mwingine.

Kesho yake, muuguzi alipokuwa akimbadilisha gauni, niliona kovu. Lilitoka kwapani kushoto likavuka kifua hadi mfupa wa kati. Titi halikuwapo.

Hesabu ya mkojo

Daftari ndilo faili la wagonjwa wengi hapa Uganda. Ni lile daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Mgonjwa hulinunua mwenyewe, hulibeba mwenyewe, na likipotea historia yake imepotea. La kwanza la Mama Zaina lilikufa mwaka 2020, mvua ilipoingia nyumbani na kurasa zikagandana. Nililoshika mimi lilikuwa la pili, na lilianza mwaka 2021.

Kilichoandikwa humo kilikuwa hivi: saratani imerudi kwenye ngozi ya kifua, amepewa tibakemikali ya dawa tatu, mizunguko sita. Mojawapo ya hizo tatu ilikuwa doksorubisini, miligramu 80 kila mzunguko. Kuhusu matibabu ya kwanza, yale ya 2018, palikuwa na mstari mmoja tu: "alipata tibakemikali kwingine". Dawa gani, kiasi gani, mara ngapi, hakuna.

Nilimuuliza majina ya dawa za 2018. Hakuyajua, na angeyajuaje? Aliambiwa kwa lugha ambayo si yake, akiwa ameketi na sindano mkononi. Nikamuuliza rangi.

"Nyekundu," alisema pale pale. "Kama vimto. Sista alikuwa anaisukuma polepole na sindano nene, ananiambia nisitikise mkono."

Doksorubisini ni nyekundu kwelikweli, na mwili huitoa kwa siku moja au mbili ikiwa bado na rangi yake. Kwa hiyo nikamuuliza mkojo. Hapo akanyanyua mkono na kuanza kuhesabu kwa vidole, bila kusitasita, kama mtu anayehesabu madeni ya wateja. Mwaka 2018, mara nne. Ya kwanza alilia, akidhani ni damu. Ya nne iliangukia Ramadhani, na yeye hakufunga mwaka ule. Baada ya hapo walimwekea dripu nyingine isiyo na rangi, nayo ilimfanya vidole kufa ganzi lakini mkojo ukabaki wa kawaida. Mwaka 2021, mara sita.

Mara kumi.

Binti yake alikuwa amesimama kwenye kichwa cha kitanda, anasikiliza. Akatoa simu. Kila safari ya mama alikuwa akimtumia nauli kwa simu, na ujumbe wa kuthibitisha hakuufuta hata mmoja. Tulikaa naye kwenye benchi la nje tukarudi nyuma ujumbe kwa ujumbe: Machi 2018, wiki tatu mbele, wiki tatu tena, tena wiki tatu. Vidole vya mama na simu ya binti vilikubaliana. Siku mbili baadaye muuguzi wa kule alikotibiwa mwanzo alinipatia kutoka rejista yao kiasi kamili: miligramu 96, mara nne.

Dawa hii hupimwa kwa eneo la mwili, na Mama Zaina kwa urefu wake na kilo zake 58 ana mita za mraba 1.6. Kalamu ya risasi ilifanya kazi pembeni mwa lile jedwali la kuzidisha. Miligramu 96 gawanya kwa 1.6 ni 60, mara nne ni 240. Miligramu 80 gawanya kwa 1.6 ni 50, mara sita ni 300. Jumla 540 kwa kila mita ya mraba.

Kila dozi ilikuwa sahihi. Ukiichukua peke yake, 240 ni kiwango cha kawaida kwa saratani ya titi, na 300 nacho hutumika. Hatari iko kwenye jumla, kwa sababu moyo haufuti deni la zamani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1979 ulikadiria kuwa moyo hushindwa kwa asilimia 3 ya wagonjwa waliofikisha 400, asilimia 7 waliofikisha 550, na asilimia 18 waliofikisha 700. Mwaka 2003 hesabu ilirudiwa kwa wagonjwa waliofuatiliwa kwa karibu zaidi, nazo zikapanda: 5, 26 na 48. Mtu wa 550, kwa hesabu hiyo mpya, ana nafasi moja kati ya nne ya moyo kushindwa. Mwenye presha ya muda mrefu isiyotibiwa yuko pabaya kuliko hapo.

Eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilithibitisha. Chemba ya kushoto ilikuwa imepanuka hadi milimita 64, kuta zake nyembamba, zinatikisika badala ya kukaza. Moyo wenye afya husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo kwenye chemba hiyo kila pigo. Wake ulisukuma asilimia 24. Moyo wa presha mara nyingi huwa na kuta nene. Nililiona hilo kwenye kioo nikakumbuka nilichoandika siku ya kwanza, nikakifuta mbele ya wanafunzi niliokuwa nao, nikawaeleza kwa nini.

Zile zilizokufa, zitarudi?

Ndilo swali aliloniuliza siku nilipomweleza. Nilikuwa nimemwambia dawa iliua seli za saratani, na njiani ikaua pia baadhi ya seli za msuli wa moyo. Alifikiri kidogo. "Zile zilizokufa, mwanangu, zitarudi?"

Karibu zote, hapana. Mwaka 2009 kundi la Jonas Frisén na Olaf Bergmann kule Stockholm lilipima umri wa seli za moyo kwa njia ya ajabu: lilitumia kaboni-14 iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo mwili huihifadhi ndani ya DNA kama muhuri wa tarehe. Walikuta kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takribani asilimia 1 ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, na mtu wa miaka 75 asilimia 0.45. Ngozi hujimenya na kujirudishia, utumbo vilevile. Msuli wa moyo hufa na kuzikwa na kovu.

Ajabu ya doksorubisini ni kwamba sehemu inayoifanya iue saratani ndiyo inayoumiza moyo. DNA ni uzi mrefu uliosokotwa, na kila unaposomwa hujiviringa na kujifunga mafundo. Kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi ya 2 huyafungua: hukata nyuzi zote mbili, hupitisha nyuzi nyingine katikati, kisha huunga tena. Doksorubisini hukishika kimeng'enya hiki katikati ya kazi, mkato umeshafanyika na kuunga bado. Ni kama fundi cherehani aliyeshikwa mkono mkasi ukiwa ndani ya kitambaa. Seli inayogawanyika haraka, kama ya saratani, ikikuta DNA imekatikakatika namna hiyo hujiua.

Kimeng'enya hicho kina ndugu wawili. Alfa hupatikana kwa wingi kwenye seli zinazogawanyika. Beta hupatikana hata kwenye seli zilizoacha kugawanyika, na moyo wa mtu mzima unaye beta. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliondoa beta kwenye seli za moyo za panya, wakawapa doksorubisini, na mioyo ya panya hao ikakingwa. Wale wenye beta waliumia. Kazi hiyo ilionyesha pia kitu kinachonigusa zaidi kila nikiifikiria: pamoja na kukata DNA, dawa ikishikamana na beta hunyamazisha jeni zinazoamuru mitokondria mpya, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, zijengwe.

Na moyo bila mitokondria hauendi popote. Unapiga karibu mara 100,000 kwa siku bila likizo. Theluthi moja hivi ya seli ya msuli wake ni mitokondria tupu, zinazotengeneza nishati ya ATP na kuitumia pale pale bila kuweka akiba ya maana. Ndani ya mitokondria, utando wa ndani umejaa mafuta ya aina yake yanayoitwa kadiolipini, na doksorubisini huyapenda mafuta haya, hunata hapo. Ikinata, inachota elektroni kutoka kwenye mnyororo wa kutengeneza nishati na kuzikabidhi kwa oksijeni, na oksijeni inakuwa kali, inayounguza kila inachogusa. Ini lina vimeng'enya vingi vya kuzima moto huo. Moyo una vichache.

Halafu kuna madini ya chuma. Dawa hii huvuruga namna mitokondria inavyotoa chuma nje, kikarundikana ndani. Chuma kikikutana na oksijeni kali, mafuta ya utando huanza kuoksidika, molekuli moja ikiwasha ya jirani. Mwaka 2012 kifo cha seli cha namna hii kilipewa jina: feroptosisi. Seli ina mlinzi, protini ya GPX4, ambayo kazi yake ni kuyarudisha mafuta yaliyoharibika katika hali yake. Doksorubisini humpunguza mlinzi huyo ndani ya mitokondria.

Nilipokuwa nikimweleza Mama Zaina sehemu hii nilitafuta mfano nikakwama, yeye akanisaidia. Nilisema mafuta ya ukuta wa seli yanachacha. "Kama samaki wa mafuta," alidakia. "Samaki wa mafuta hakai. Ukimwacha juani bila kumkausha vizuri anageuka rangi ya kutu, ananuka, na akimgusa mwenzake kwenye gunia naye anaharibika." Nimefundisha biokemia kwa wanafunzi miaka kadhaa na sijawahi kuieleza feroptosisi vizuri kuliko mama huyu. Mpaka ile kutu ipo.

Hiyo ni njia moja ya kufa, na seli za moyo wake nina hakika zilitumia zaidi ya moja. Kuna apoptosisi, kifo cha mpangilio, kilichopewa jina mwaka 1972. DNA iliyokatika huamsha protini ya p53. Nayo huamsha BAX, ambayo hutoboa ukuta wa nje wa mitokondria. Kutoka tunduni hutiririka sitokromu c. Ikiwa ndani ya mitokondria, sitokromu c ni mfanyakazi mwaminifu wa nishati. Ikitoka nje huwa taarifa ya msiba, hukusanya protini nyingine na kuamsha kaspasi, vimeng'enya vinavyokatakata seli kutoka ndani kwa utaratibu. Kuna pia kifo cha ghafla: kalsiamu na oksijeni kali zikizidi, tundu kubwa hufunguka kwenye utando wa ndani wa mitokondria, maji huingia, zinavimba na kupasuka, na seli hukosa nishati hata ya kujiua kwa utaratibu. Hapo inapasuka na kumwaga vilivyomo. Troponini, protini ya msuli wa moyo tunayoipima kwenye damu, ni sehemu ya kilichomwagika. Mipaka kati ya vifo hivi si migumu kama vitabu vinavyochora. Kaspasi ya 3, kwa mfano, ikikuta protini iitwayo gasdamini E ndani ya seli huikata, na kipande kilichokatwa huenda kutoboa ukuta wa nje. Kifo kilichoanza kwa mpangilio kinamalizika kwa mlipuko.

Waliobaki hai

Ningekuwa nimedanganya kama ningeishia kwenye vifo. Moyo wa Mama Zaina haukupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake kwa sababu zaidi ya nusu ya seli zake zimekufa. Nyingi zilikuwa hai, ila hazivuti.

Hapa namkumbuka Margaret Billingham, mtaalamu wa patholojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambaye wachache wanajua kwamba ni mzaliwa wa Tanga. Wanaopandikiza mioyo wanamfahamu kwa vigezo vyake vya kutambua mwili unapoukataa moyo mgeni. Miaka ya 1970 alikuwa pia akitazama kwa hadubini vipande vya moyo wa wagonjwa waliotumia doksorubisini, na aliona mambo mawili ambayo mpaka leo ndiyo saini ya dawa hii. Seli nyingine zilikuwa na mapovu mapovu ndani. Nyingine zilikuwa zimepoteza nyuzi zao za kukaza, kama shamba la miwa lililovunwa, mipaka ipo na ndani hamna. Alizipanga hatua kwa hatua, na daraja likapanda kadiri jumla ya dawa ilivyopanda, hata kwa wagonjwa ambao bado hawakujisikia vibaya.

Nyuzi huondokaje na seli iko hai? Ndani ya kila uzi kuna titini, protini kubwa kuliko zote mwilini mwetu, inayofanya kazi ya springi na ya fremu kwa pamoja. Doksorubisini huamsha kalpaini, kimeng'enya kinachoitafuna titini, na fremu ikitafunwa uzi mzima hufumuka. Wakati huo huo uzalishaji wa protini mpya umepungua. Pampu inayorudisha kalsiamu, madini yanayoamuru msuli ukaze, ghalani mwake kila baada ya pigo nayo imepungua, kwa hiyo msuli haulegei vizuri na pigo linalofuata linakuta ghala nusu tupu. Seli ya hivi ukiipima ina uhai. Ukiiomba kazi haina.

Seli zilizobaki na nguvu zinabeba mzigo wa wenzao. Chemba hupanuka, na kadiri inavyopanuka ndivyo ukuta unavyovutwa zaidi, ndivyo seli nyingine zinavyochoka. Figo zinaona damu haitoshi, zinadhani mwili umekaukiwa, zinabana chumvi na maji. Homoni ya angiotensini hupanda, adrenalini hupanda, na zote mbili kwa wingi huo ni sumu kwa msuli wa moyo; huchochea apoptosisi na kovu. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza dripu yake ya mwisho vizuri, akarudi sokoni, akauza samaki miezi kadhaa, kisha akaanguka. Mama Zaina alianza kuchoka mwezi wa nne baada ya dozi ya kumi. Alifika kwetu mwezi wa saba.

Tulichofanya

Kwanza maji. Furosemidi ya sindano, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, na kwa siku tisa kilo zikashuka kutoka 71 hadi 60. Usiku wa nne alilala akiegemea mito mitatu, na binti yake alinipigia picha akiwa amelala ili nione.

Sambamba na hiyo tulianza enalaprili kwa miligramu 2.5 mara mbili kwa siku na spironolaktoni 25, tukipima potasiamu na figo kila baada ya siku chache. Presha yake kuwa chini kulinitia hofu, lakini mama alikuwa anakojoa vizuri na kichwa hakikumzunguka. Kavediloli tuliingoja mpaka mapafu yakakauka, maana ukiifunga adrenalini ghafla kwenye moyo uliojaa maji unaweza kumzamisha mgonjwa. Tulianza na miligramu 3.125 na kupandisha kwa wiki mbili mbili. Dawa hizi ni za bei nafuu na zinapatikana mpaka mikoani, jambo linalonipa moyo kila ninapoandika orodha. Zinazuia zile homoni zisiendelee kuwachapa waliobaki. Dapagliflozini, dawa nyingine ya moyo, iliongezwa miezi mitatu baadaye, familia ilipoweza kuimudu.

Nilijua tumechelewa. Kundi la Daniela Cardinale kule Milano liliripoti mwaka 2010 kuhusu wagonjwa 201 wa hali hii. Walioanza enalaprili, pamoja na kavediloli pale ilipowezekana, ndani ya miezi miwili tangu tibakemikali iishe, asilimia 64 moyo wao ulirejea. Baada ya miezi sita hakuna aliyerejea kabisa. Miaka mitano baadaye kundi hilo hilo likafuatilia watu 2,625. Asilimia 9 moyo ulidhoofika, na karibu wote hao waligundulika ndani ya mwaka wa kwanza kwa sababu eko ilifanywa mara kwa mara bila kungoja wahisi vibaya. Dirisha lipo, na ni fupi.

Kwa Mama Zaina dirisha lingefunguliwa na vitu vidogo. Eko moja kabla ya dozi ya tano. Presha kutibiwa kabla ya dripu ya kwanza. Ingekuwapo deksrazoksani, ingesaidia. Dawa hiyo hukamata chuma ndani ya seli na pia huifanya seli imwondoe ndugu beta kabla doksorubisini haijafika, na Marekani iliikubali mwaka 1995. Lakini hata bila deksrazoksani, hata bila eko, namba moja tu ya 240 kwenye kurasa za daftari la pili ingetosha kumfanya daktari yeyote asimame na kuchagua dawa nyingine. Alikuwa na haki ya kupewa namba hiyo, aibebe.

Sisemi doksorubisini iachwe. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto wenye uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza kutoka Mulago mwaka 1958, na tangu enzi zile mji huu umeona dawa kali zikiwarudisha watu kutoka mlangoni mwa kaburi. Mama Zaina mwenyewe alipata miaka mitatu bila saratani. Niliwahi kumuuliza kama angejua haya mwaka 2018 angeikataa ile nyekundu. Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa 2019.

Tangu siku hiyo nimebadilisha ninavyochukua historia. Kwa kila mwenye kovu la saratani, na kila mwenye uchovu wa moyo usioeleweka, nauliza rangi ya dripu, na kama alikojoa nyekundu nahesabu naye mara ngapi. Nimewapata wawili wengine kwa swali hilo, mmoja moyo wake ukiwa bado unasukuma asilimia 50, kabla miguu haijavimba.

Eko ya mwezi wa tatu ilionyesha asilimia 29. Ya mwezi wa kumi, 36. Sitegemei ipande sana zaidi ya hapo, na nimemwambia hivyo. Madaktari wa saratani wamemweka kwenye vidonge vya homoni kwa kuwa uvimbe wake unalishwa na homoni, na ngozi ya kifua imetulia. Magunia habebi tena. Mpwa wake anabeba, naye anamlipa kila Jumamosi. Kutoka nyumbani hadi sokoni anapumzika mara moja, kwenye kona ya msikiti, na anajua kujipima: muundi ukiacha shimo asubuhi au mizani ikipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, anapiga simu.

Ana daftari la tatu sasa, ndani ya mfuko wa plastiki wa kuzuia mvua. Kwenye jalada la mbele, juu ya jina, binti yake ameandika kwa kalamu nene: DAWA NYEKUNDU 540. ASIPEWE TENA. Chini yake ameandika maneno hayo hayo kwa Kiingereza, kisha kwa Kiluganda, kisha kwa Kilugbara.